Nyumba ya Akina Hathaway

Katika kijiji cha Shottery, karibu na mji wa Stratford-upon-Avon nchini Uingereza, ipo nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa mabua ambamo alikulia Anne Hathaway. Mwaka 1582 aliolewa na William Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Watalii huenda huko kwa sababu ya ndoa hiyo. Fundi ujenzi angekuwa na sababu ya kwenda hata kama Shakespeare asingeandika neno, kwa maana nyumba hii inaonyesha jinsi makazi ya mkulima wa Kiingereza yalivyobadilika kwa karne mbili.

Sehemu kongwe ni ya mwaka 1463 hivi. John Hathaway, babu yake Anne, alikuwa mpangaji hapo kufikia 1543. Kiunzi cha sehemu hiyo kinabebwa na jozi za mihimili ya mwaloni iliyopinda. Mafundi wa zama hizo walitafuta mti uliokua kwa kupinda, wakaupasua kwa urefu ili vipande viwili vilingane, kisha wakavisimamisha juu ya msingi wa mawe, vichwa vikutane kileleni. Uzito wa paa hushukia katika mihimili hiyo, wala si katika kuta. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwani ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Viungo viliingizwa ulimi katika tundu, vikabanwa kwa vigingi vya mbao. Mbao zilikauka zikiwa tayari zimejengwa, zikajikunja, na ndiyo sababu mistari ya nyumba za aina hii hainyooki.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu kuhusu kuta, kwa kuwa ni jamaa ya mbavu za mbwa. Fito zilisukwa katika nafasi zilizoachwa na mbao, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mabua na samadi ya ng'ombe, mwisho zikapakwa chokaa. Baadhi ya nafasi hizo baadaye zilizibwa kwa matofali. (Mtindo wa kupaka mbao rangi nyeusi tii, ambao watu wengi hudhani ni wa kale, ulienea hasa katika karne ya 19.)

Paa nalo lina mteremko mkali, na lazima liwe hivyo. Mabua hayazuii maji kwa kuyakataa kama bati. Huyatiririsha juu juu kabla hayajapenya ndani, hivyo tabaka lake huwa nene, na michirizi yake hutokeza mbele ili mvua isiloweshe udongo wa kuta. Juu ya madirisha ya ghorofani mwezekaji huyapindisha mabua ili yafuate umbo la dirisha. Mabua huchakaa, na kuezeka upya ni kazi ya kila kizazi.

Badiliko kubwa kuliko yote lilitokana na moshi. Nyumba ya 1463 ilikuwa na ukumbi ulio wazi kutoka sakafuni hadi paani. Katika kumbi za namna hiyo moto uliwashwa chini, moshi ukapanda na kujitafutia njia ya kutokea paani, na kwa hiyo haikuwezekana kuwa na chumba juu yake. Katika karne ya 16 zilijengwa dohani. Moshi ulipopata njia yake, ukumbi uliweza kugawanywa kwa dari, na familia ikapata vyumba vya kulala juu ya jiko. Bartholomew, kaka yake Anne, aliinunua nyumba mwaka 1610, na katika karne hiyo upande mmoja uliongezwa sehemu iliyo ndefu kwenda juu kuliko ile ya kale. Leo ina vyumba 12: ni makazi ya mkulima mwenye uwezo, si kibanda cha maskini kama picha za kadi zinavyodokeza.

Uzao wa Hathaway uliendelea kuishi humo hata baada ya umiliki kuwatoka. Mwaka 1892 ilinunuliwa na taasisi inayotunza nyumba zinazohusiana na Shakespeare. Mwaka 1969 iliungua na kuharibika vibaya, ikakarabatiwa, na mihimili ya mwaloni ya karne ya 15 bado imo kazini.