Jina Juu ya Keki

Katika Unguja, mtoto aliyefuzu katika elimu hakuachwa apite kimya. Kabla ya kuja skuli za serikali, siku yake kubwa ilikuwa siku ya kuhitimu chuo, yaani kuikamilisha Kurani mbele ya mwalimu wake. Wazee walialika jamaa na majirani, na mwalimu akapewa haki yake. Kitabu cha Desturi za Wasuahili, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903, kimeeleza habari za chuo na ada ya mwalimu huko Mrima. Furaha ilikuwa ya mtaa mzima, wala halwa iliyoliwa haikuandikwa jina la mtu.

Tena kuandika kwenyewe hakukuwa haki ya kila mtoto. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, amesimulia katika kumbukumbu zake, zilizotoka Berlin mwaka 1886, kwamba wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma, bali kuandika walinyimwa. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid, mkono huo wa msichana ndio uliomwandikia barua.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1927 serikali ikafungua skuli ya wasichana mjini. Mwaka 1998 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, na mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa. Kukawa na hitimu nyingine, na hitimu hiyo ikatafuta kitamu chake.

Kitamu hicho ni keki ya ghorofa, ambayo asili yake ni arusi za Uingereza. Lakini mikono ya Unguja haikuwa migeni katika kazi hiyo. Mabibi walijua zamani kuumua mayai na sukari, kutia iliki, na kuoka mkate wa mayai kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Keki ya ghorofa imeongeza ujenzi. Tabaka pana hukaa chini, vijiti huchomekwa ndani yake vibebe uzito wa tabaka la juu, na kila tabaka huwekwa juu ya kibao chake. Joto la kisiwa ni adui, maana huyeyusha siagi, na ua lililofinyangwa kwa uhodari huweza kulegea kabla wageni hawajafika. Mwisho wa kazi mpambaji huandika jina la mhitimu kwa sukari, mbele ya macho ya watu.

Wapo wanaoiona keki hiyo kuwa ni fahari tupu na gharama bure. Hofu yao ina msingi, kwani mzazi akikopa ili ghorofa ziongezeke, sherehe hugeuka deni. Hata hivyo, wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Jina la msichana lililoandikwa waziwazi si jambo dogo katika mji ambamo binti wa mfalme aliificha kalamu yake. Lililobaki ni kuulizana kama mwalimu naye amealikwa, na kama kipande chake kimekatwa mapema, kama ilivyokuwa haki yake siku za chuo.