TP Mazembe: makombe ya uwanjani na ya mezani

Klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi imebeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. La kwanza ililipata mezani.

Wakati huo timu, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini, iliitwa TP Englebert, jina la matairi ya gari. Fainali ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana iliisha 1-1 Kumasi, kisha 2-2 Kinshasa. Ikapangwa mechi ya tatu nchini Kamerun, lakini Kotoko hawakutokea: shirikisho lao halikuwafikishia taarifa. Kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka uliofuata hapakuwa na la kubishania, kwani Étoile Filante ya Lomé ilichapwa 5-0 katika mechi ya kwanza. Kotoko walilipiza kisasi kwenye fainali ya 1970, waliposhinda 2-1 palepale Kinshasa.

Ukame wa miaka 41 uliisha mwaka 2009, kwa bao la ugenini tu, mbele ya Heartland ya Nigeria. Mwaka 2010 Espérance ya Tunis ililala 5-0 Lubumbashi, na Mazembe wakafuzu kwenda Abu Dhabi kucheza Kombe la Dunia la Klabu.

Walikwenda bila Trésor Mputu, mshambuliaji wao mkubwa, aliyekuwa amefungiwa mwaka mzima kwa vurugu dhidi ya mwamuzi mjini Kigali. Wakaifunga Pachuca ya Meksiko 1-0. Tarehe 14 Desemba wakakutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika Kusini. Wabrazili walishambulia sana, ila kipa Robert Kidiaba hakupitika. Kabangu alifunga mapema kipindi cha pili, Kaluyituka akaongeza la pili dakika ya 85, na Kidiaba akashangilia kwa mtindo wake wa kurukaruka akiwa amekalia makalio. Hata watoto wa Sake na Kirotshe, mashariki mwa Kongo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lubumbashi, waliujua mtindo huo. Kabla ya siku hiyo hakuna timu nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imefika fainali ya kombe hilo. Kwenye fainali yenyewe Inter Milan ilishinda 3-0, na Samuel Eto'o, Mwafrika mwenzao, alifunga moja.

Mezani napo palikuwa na zamu yake. Mwaka 2011 Mazembe waliitoa Simba ya Dar es Salaam kwa jumla ya mabao 6-3. Simba wakakata rufaa juu ya usajili wa beki Janvier Bokungu, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondoa mabingwa watetezi mashindanoni. Rufaa hiyo haikuwafaa Simba sana, maana Wydad ya Casablanca iliwafunga 3-0 katika mechi ya kuwania nafasi iliyoachwa wazi. Aliyefaidika ni Mazembe: katika mechi zile walivutiwa na kijana wa Simba, Mbwana Samatta, wakamnunua.

Mwaka 2015 Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, 2-1 Algiers na 2-0 Lubumbashi. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani, Mtanzania wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji.