Sebule ya Mgeni

Sikukuu ya Idi mwaka juzi, nikiwa jikoni nyumbani kwetu Mombasa, nilisikia sauti ya bibi mmoja wa Lamu ikitoka sebuleni. Bibi mwenyewe hakuwapo. Sauti yake ilikuwa miongoni mwa mahojiano niliyorekodi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na nilimwahidi kwamba aliyonieleza kuhusu ndoa yake nitayasikia mimi peke yangu.

Binamu yangu mdogo alikuwa akitafuta katuni kwenye simu ya baba yake. Programu ya video ikamwonyesha pia diski niliyoichomeka kwenye ruta, naye akabonyeza faili la kwanza. Hakuvunja chochote. Neno letu la siri lilikuwa limebandikwa kwenye friji, na kila aliyeingia alilipata pamoja na glasi ya sharubati.

Usiku ule nilisoma historia ya kufuli za waifai. Kiwango cha kwanza, 802.11, kilitolewa na IEEE mwaka 1997, na kufuli yake iliitwa WEP. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha jinsi ufunguo wake unavyoweza kupatikana kwa kunasa data inayopita hewani. Ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Zote zilitengenezwa hasa kwa ajili ya mtu aliye nje, asiyejua neno la siri. Mgeni yuko ndani, na neno la siri tumempa wenyewe.

Suala la mgeni watu wa pwani walilifikiria zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba mfanyabiashara aliposhuka melini alikwenda kukaa kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemsimamia biashara. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ambazo ndizo mada ya tasnifu yangu, zimejengwa kwa kuzingatia ugeni wa namna hiyo. Unaanzia kwenye daka, penye baraza za kukalia. Njia ya kuingia inapinda, aliye mtaani asione ndani. Kuna sabule, chumba cha mgeni, na neno hilo ndilo sebule yetu ya leo. Mgeni alilala na kula humo kwa heshima zote, bila kupita katika vyumba vya familia.

Ruta nyingi za leo zina sabule yake: mtandao wa wageni. Niliuwasha wetu, nikaupa jina na neno la siri tofauti, nikachagua ulinzi wa WPA2. Nikahakikisha kwamba anayeutumia anapata intaneti tu, haoni diski, printa wala kompyuta zetu. Kisha nikabadilisha neno la siri la kusimamia ruta, maana tulikuwa bado tunatumia lile la kiwandani.

Mama hakupendezwa. "Mwanangu, leo ndugu zetu tunawatenga?" Nikamwambia kwamba kwa kuwa hawafikii vitu vyetu, sasa anaweza kumpa neno la siri yeyote bila kuwaza. Alifikiri kidogo, akabandika karatasi mpya kwenye friji.

Lakini sipendi kuisifu sabule kupita kiasi. Ilijengwa na matajiri, na ukuta uleule uliolinda heshima ya nyumba ndio uliowafungia wanawake ndani. Bibi yule alikuwa akinieleza hayohayo. Alitaka yasikike siku moja, kwa namna atakayoichagua mwenyewe, na mimi nilimnyima nafasi hiyo kwa uzembe wa kuacha diski wazi.

Nilimpigia simu baada ya sikukuu. Alinyamaza, kisha akauliza waliosikia ni akina nani. Nikamtajia mmoja mmoja. Akaniomba niifute sehemu ile, nikaifuta. Msimamizi wangu huuliza kwa nini sura ya tatu ni fupi. Humjibu kwamba chanzo kimejiondoa, na hiyo ni haki yake.