Ziwa letu na wageni wake

Sisi watu wa Bunia hatuna bahari, lakini tuko na Ziwa Albert. Ukishuka mlima mpaka Kasenyi, maji yako mbele yako, na ng'ambo ni Uganda.

Wageni walilipenda zamani. Samuel Baker alifika upande wa Uganda mwaka 1864, akalipa jina la Albert, ingawa Wanyoro waliliita Mwitanzige. Mwaka 1888 Emin Pasha alikuja kwa masua ya mvuke "Khedive", akakutana na Stanley upande wetu. Wakati wa Wabeleji, masua "Robert Coryndon" ilileta wasafiri toka Butiaba mpaka Kasenyi. Toka pale walipanda Bunia.

Baker na Stanley waliandika vitabu. Wavuvi wetu, wenye kujua upepo wa ghafula na mawimbi ya ziwa, hawakuandika.

Masua zile zimekwisha. Leo, njia ikiwa na usalama, wageni wa ziwa ni watoto wetu wenyewe, wanaoshuka kula samaki na kutembea kwa pirogi. Basi kabla ya kupanda wamuulize mzee mvuvi: "Baba, leo ziwa linasemaje?" Akikataa, warudi. Maneno yake ni elimu. Tusipoyaandika, tutayazika pamoja naye.