Moyo ndani ya kompyuta: safari ilianzia wapi? (Sehemu ya 3)

Baada ya posti ya tundu kwenye moyo, mama mmoja wa Kahama kaniuliza: "Nesi, daktari anajuaje pa kushona kabla hajafungua kifua?" Swali zuri. Jibu lake lina historia.

1. Ilianza picha. Mwaka 1953, mji wa Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine ya kukagua nyufa kwenye vyuma, wakaielekeza kifuani. Mawimbi ya sauti yakarudi yakionyesha moyo unavyocheza. Ndiyo eko ya leo, ndugu wa ultrasaundi mliyopimwa kliniki.

2. Ikafuata hesabu. Mwaka 1960, London, kijana Denis Noble alitaka kompyuta iige mapigo ya moyo. Kompyuta zilikuwa chache, akapewa zamu ya saa nane hadi saa kumi usiku! Alfajiri anaenda machinjioni kuchukua mioyo ya kondoo ya kupima. Akaandika hesabu za umeme wa seli ya moyo, na seli ile ya hesabu ikapiga. Mwaka 1972, Charles Peskin wa New York akakokotoa damu inavyopita kwenye vali.

3. Vikaungana. Siku hizi picha nyembamba nyembamba za CT au MRI zinapangwa hadi moyo wa mtoto huyohuyo uonekane mzima kwenye kompyuta. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa, Dassault Systèmes, ilianzisha mradi wa moyo wa namna hiyo unaopiga. Daktari anaweka kiraka, anaangalia damu itapita wapi, hajaridhika anafuta. Wachimbaji wetu wa Nyarugusu wataelewa: hushuki duarani kabla ya kujua mwamba unaelekea wapi. Si kila mtoto anahitaji haya. Tundu la kawaida mara nyingi eko inatosha. Msaada mkubwa ni kwa moyo uliojipanga vibaya sana.

4. Na kwetu? Zamani tegemeo kubwa lilikuwa kupelekwa nje, hasa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikawa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sisi wa Shinyanga na Geita rufaa hupitia Bugando, Mwanza.

Sasa sikia, mama. Tundu kubwa likiachwa miaka, mishipa ya mapafu inaharibika, na hapo hata kuziba haiwezekani tena. Kwa hiyo mtoto akitoka jasho akinyonya, akihema haraka, uzito ukigoma, mpeleke kituoni wiki hii, uombe asikilizwe moyo. Midomo au ulimi ukiwa wa bluu, ni leo hii. Usisubiri "akue kidogo". Kompyuta haiwezi kupanga moyo ambao haujapigwa picha, na wa kwanza kuona dalili ni wewe unayemnyonyesha.

Mtumie mama mwenye kichanga. Sehemu ya 4: mafindofindo na vali za moyo.