Papasi: Homa Inayoondoka na Kurudi

Leo turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa maana kuna homa moja ambayo ni vigumu kuielewa bila kujua jinsi ilivyowadanganya hata madaktari wakubwa. Ni homa ya papasi.

Kwanza tutofautishe wadudu. Kupe unayemjua ni yule wa ng'ombe na mbuzi, anayeng'ang'ania ngozi siku kadhaa mpaka anavimba. Huyo ndiye huleta ndigana, ugonjwa unaoua ndama lakini haumpati binadamu. Papasi ni ndugu yake, ila tabia zao ni mbalimbali. Hana gamba gumu mgongoni, rangi yake ni kama ya udongo, na makao yake ni ndani ya nyumba: katika nyufa za sakafu ya udongo, katika kuta, chini ya mkeka. Usiku watu wakilala hutoka, hunyonya damu kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi katika ufa wake. Asubuhi humwoni. Naye ni mvumilivu kuliko unavyofikiri, kwani anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima, ikifunguliwa Disemba jamaa wa Nairobi wanaporudi nyumbani, yaweza kuwa na papasi wenye njaa wanaosubiri.

Je, watu walijuaje kwamba mdudu huyu huleta homa? Wenyeji wa Afrika walijua zamani. Daktari Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika juu ya kupe wa namna hii na maradhi yanayofuata akimuuma mtu. Lakini kwa madaktari wa Ulaya homa zote za nchi za joto zilikuwa karibu kitu kimoja: malaria. Mgonjwa alipewa kwinini. Homa ikashuka, wote wakafurahi. Baada ya wiki moja ikarudi.

Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Philip Ross na A. D. Milne walipima kwa darubini damu ya wagonjwa wa homa hiyo. Hawakuona vijidudu vya malaria. Waliona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama skrubu, vikiogelea katikati ya chembe za damu. Wakati huohuo, Kongo, vijana wawili kutoka chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walikuwa wakifanya majaribio kwa nyani. Waliwaacha papasi wawaume, na nyani wakaugua. Hapo mdudu akathibitishwa kuwa ndiye mbebaji. Wenyewe pia waliambukizwa. Todd alipona, lakini Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Kijidudu hicho kinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 1905 Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Tanganyika akikusanya papasi katika vituo vya misafara. Alipasua mayai yao na kukuta kijidudu kimo humo tayari. Maana yake papasi mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa, bila kuhitaji kumnyonya mgonjwa kwanza. Kwa hiyo nyumba ikishaambukizwa hubaki hivyo muda mrefu, hata kama hakuna mtu aliyeugua humo hivi karibuni.

Koch aliona jambo lingine, na hili nakuomba ulisome mara mbili. Katika vijiji vyenye papasi wengi, watu wazima walikuwa hawaugui sana, kwa sababu miili yao ilikuwa imezoea tangu utotoni. Wageni na watoto wadogo ndio walioumia. Basi usishangae nyanya akikuambia kwamba amelala katika nyumba hiyo miaka arobaini bila shida. Anasema kweli, lakini mjukuu wake wa miezi sita hana kinga hiyo.

Mama mjamzito naye yumo hatarini. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba, kati ya wajawazito waliopata homa hii, karibu nusu walipoteza mimba au mtoto mchanga. Sijui homa nyingi zenye ukali wa namna hiyo kwa mimba.

Na hapa Kenya? Mwaka 1950 mtafiti G. A. Walton aliandika juu ya homa hii katika wilaya ya Meru, ng'ambo ya mto Tana kutoka Kitui. Baadaye alichunguza papasi katika nyumba za Wadigo huko Kwale. Sisi wa Kitui na Makueni tuko kati ya pande hizo mbili. Tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu watu wetu wamesafiri kwenda pwani na kurudi, na papasi hupenda sana kusafiri ndani ya mikeka, magunia na vitanda vya zamani.

Siku hizo maafisa wa afya walinyunyiza sakafuni unga wa dawa ya BHC. Ilifanya kazi, lakini mwaka 2009 iliongezwa katika orodha ya kimataifa ya kemikali za kukomeshwa. Nami nasisitiza: usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukamwaga mahali mtoto anapolala, wala usimpake mwilini. Hiyo ni sumu.

Kwa maoni yangu, kilichompunguza papasi zaidi ya dawa yoyote ni saruji na matofali ya kuchoma. Kama huna uwezo wa saruji sasa, ziba nyufa, siriba sakafu na kuta mara kwa mara, mlaze mtoto juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, na utumie neti iliyochomekwa vizuri. Kuku nao walale nje, katika banda lao. Najua unaogopa wezi na kicheche, lakini watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 kutoka Tanzania walikuta vijidudu vya homa hii katika damu ya kuku na nguruwe.

Sasa tuje kwenye udanganyifu wenyewe. Homa huanza takriban wiki moja baada ya kuumwa: joto kali, kutetemeka, kichwa, viungo, pengine kutapika. Siku ya tatu au ya nne hushuka yenyewe. Kama siku ya pili ulinunua dawa ya malaria dukani, utaishukuru dawa hiyo. Kumbe mwili umeua vijidudu vingi, lakini vichache vimebadilisha vazi lao la nje ili visitambuliwe. Vinazaana kimya, na baada ya wiki homa inarudi.

Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu katika kijiti, hakiwezi kuonyesha homa ya papasi. Kinatafuta malaria peke yake. Kijidudu hiki huonekana kwa darubini, na huonekana vizuri wakati joto liko juu. Basi usisubiri homa ishuke ndipo uende. Mpeleke mtoto akiwa bado anachemka, na umwambie mhudumu: "Homa hii iliisha ikarudi, kipimo cha malaria kilisema hana, na nyumba yetu ni ya udongo. Naomba damu ipimwe kwa darubini." Kama zahanati haina maabara, omba barua ya kwenda kituo kilicho nayo.

Matibabu yapo. Watu wazima kwa kawaida hupewa dawa za jamii ya tetrasaiklini. Wajawazito na watoto wadogo huwekwa kwenye dawa nyingine, mara nyingi erithromaisini. Lakini usijinunulie. Saa chache baada ya dozi ya kwanza vijidudu vinapokufa kwa wingi, mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, joto kupanda, kisha presha ya damu kushuka ghafla. Kwa sababu hiyo tunamweka kituoni tukimwangalia, hasa mjamzito. Ukiambiwa ulale hapo usiku mmoja, lala.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuumwa na nyoka wakati wa kulima.