Beti za Kubandika: Kadi za Wapenzi za Worcester

Mwaka 1847 Esther Howland, binti aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu chuo cha Mount Holyoke, alipata kadi ya wapenzi iliyotoka Uingereza. Ilikuwa na karatasi iliyotobolewa ikafanana na lesi, maua ya rangi na shairi fupi. Kadi za aina hiyo ziliuzwa ghali Marekani kwa kuwa zilivuka bahari. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia mjini Worcester, Massachusetts, naye Esther akaona kazi ile inaweza kufanyika palepale nyumbani.

Aliagiza karatasi za lesi na picha za maua, akatengeneza sampuli chache, akamkabidhi kaka yake aliyekuwa akizunguka kuuza bidhaa za duka. Alitumaini kupata oda za dola 200. Inasimuliwa kwamba kaka alirudi na oda za zaidi ya dola 5,000.

Ikabidi waitwe marafiki. Kwenye ghorofa ya juu ya nyumba yao wasichana walikaa mezani, kila mmoja na kazi yake: huyu anakata picha, yule anapanga karatasi za rangi, mwingine anapaka gundi. Wanawake wengine walipelekewa visanduku vya vifaa pamoja na kadi ya mfano, wakabandika majumbani mwao, kisha mzigo ukafuatwa. Wakati huo posta nayo ilikuwa imeshuka bei: Marekani ilipunguza gharama za barua mwaka 1845, na stempu zikaanza kutumika mwaka 1847, hivyo kutuma kadi kukawa nafuu zaidi.

Jambo moja liliwasumbua wateja: kadi inapendeza, lakini shairi lililomo halisemi yaliyo moyoni mwa mnunuzi. Mwaka 1879 kampuni ya Howland ikachapisha kijitabu cha beti 131. Mteja alichagua ubeti unaomfaa mpenzi wake, nao ukabandikwa juu ya ule wa awali. Hivyo hata kadi iliyopita mikononi mwa mafundi kadhaa ilimfikia mpenzi ikiwa na maneno aliyochaguliwa yeye.

Howland mwenyewe hakuolewa. Mwaka 1881 aliiuza biashara kwa George C. Whitney ili amuuguze baba yake. Kampuni ya Whitney iliendelea kutoa kadi Worcester hadi mwaka 1942, uhaba wa karatasi wakati wa vita ulipoifunga.